Kutoka Wito hadi Ujira: Historia Fupi ya Zamu ya Kuitwa kwa Wauguzi katika Milima ya Bungu, Usambara

Insha hii inachunguza wajibu wa muuguzi wa kuitwa kazini nje ya saa zake. Hoja yake kuu ni kwamba msingi wa wajibu huo umehama kutoka wito wa kidini hadi mkataba wa ajira, ilhali muda wa kusubiri haujapata kipimo.

Katika eneo la Bungu, mizizi ya utaratibu huu inaonekana Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walianzisha hapo makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Huduma iliongozwa na mashemasi kutoka Bethel, Bielefeld. Shemasi aliishi kituoni, hivyo mgonjwa aliyezidiwa usiku alikuwa mikononi mwake. Utumishi ulikuwa maisha yenyewe, na hapakuwa na sababu ya kuhesabu saa.

Ajira ya mshahara ilileta kipimo kingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki. Kazi ya ziada hufanywa kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Hata hivyo, kifungu cha 17 kinaondoa ukomo huo kwa dharura isiyoweza kushughulikiwa ndani ya saa za kawaida. Hospitalini dharura ni jambo la kila siku. Uzazi pingamizi hausubiri mapambazuko. Pale wauguzi wanapokuwa wachache, lililokusudiwa kuwa la nadra hugeuka kuwa kanuni.

Pendekezo Na. 157 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1977, linaitambua zamu ya kuitwa kuwa muda ambao muuguzi, awe kituoni au kwingineko, yupo chini ya amri ya mwajiri. Tafsiri hiyo ina uzito mlimani. Anayeweza kuitwa hulazimika kulala karibu. Hawezi kwenda shamba la mbali wala matanga ya kijiji kingine, hata kama usiku huo hataitwa.

Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, ambao madai yake yalijumuisha posho ya kuitwa kazini, uliifanya hoja hii kuwa ya kitaifa. Kwa muuguzi wa mlimani, posho ni sehemu tu ya jibu. Sheria inayohesabu kazi bila kuhesabu kungoja inamdai utumishi wa shemasi kwa masharti ya mwajiriwa.