Lami, Hazina na Haki: Asili ya Mipango ya Kutunza Barabara

Barabara ya lami huanza kuchakaa siku ile ile inapofunguliwa. Tangu hapo mtunza hazina hutaka gharama ndogo, dereva hutaka njia laini, mhandisi hutaka ufa uzibwe kabla maji hayajapenya, naye mkulima wa mbali hutaka njia yake ikumbukwe. Kwa muda mrefu mgongano huo uliamuliwa kwa mazoea, au kwa sauti ya aliyekuwa karibu na wakubwa.

Vipimo vilianza kushika nafasi ya mazoea huko Ottawa, jimboni Illinois, Marekani, ambako malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio toka 1958 hadi 1960. Ilionekana kwamba mzigo ulio juu ya mhimili wa magurudumu ukiongezeka maradufu, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Afrika ya Mashariki nayo ilichangia: uchunguzi uliofanywa Kenya kati ya 1971 na 1974 ulipima jinsi njia mbovu inavyomgharimu mwenye gari kwa mafuta, matairi na vipuri. Fedha ibanwayo na hazina, kumbe, hulipwa na msafiri.

Mwaka 1980 jimbo la Arizona lilianza kutumia hesabu iliyotafuta gharama ndogo kabisa, kwa sharti kwamba sehemu ya barabara zilizo nzuri isipungue kiwango kilichowekwa, wala zilizo mbovu zisikizidi chao. Mwaka wa kwanza ziliokolewa dola milioni 14, kwa sababu barabara zilitibiwa mapema na kwa tabaka jepesi. Ubora wa njia hiyo ni kwamba haikujifanya kupima kila jema kwa dola. Kiwango kilibaki uamuzi wa watu.

Jambo hilo lina uzito nchini Kongo, ambako Mfuko wa Taifa wa Kutunza Barabara uliundwa mwaka 2008, ukitegemea tozo za mafuta na ushuru wa njiani. Kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Kasumbalesa malori ya shaba huikandamiza lami. Hesabu ya gharama za magari peke yake ingeelekeza fedha huko. Njia ya udongo ipitwayo na baiskeli za mihogo haina idadi ya magari ya kuitetea, isipokuwa mpangaji aiwekee kiwango chake kabla hesabu haijaanza.