Kiungo cha Chuma katika Zana za Ukulima

Neno kulehemu limetoka katika Kiarabu, nalo ni la shina moja na neno lao la nyama: vitu viwili vishikane kama mwili mmoja. Watu wa pwani walilitumia hasa kwa kuunga vyombo kwa bati au risasi iliyoyeyushwa. Kazi hiyo haikulifaa jembe, kwa kuwa bati ni laini mno. Mhunzi wa jembe aliunga chuma kwa chuma, pasipo kitu cha tatu kati yake.

Tuchukue Ufipa. Huko mawe ya chuma yaliyeyushwa katika matanuu marefu yaitwayo malungu, kisha donge lililopatikana likasafishwa katika tanuu dogo, kintengwe. Donge hilo halikuwa chuma kitupu, bali lilichanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi alilipasha moto mkali, akalipiga tena na tena juu ya fuawe, hata mavi yakatoka na chembe za chuma zikashikana. Kwa hiyo jembe zima lilikuwa kiungo, tangu ubapa hata msuka. Mavi yaliyosalia ndani hayakuonekana. Jembe lilipasuka baadaye, shambani. Na katika nchi nyingi za bara majembe yalitolewa mahari, basi aliyelichagua vibaya huenda alipoteza zaidi ya chombo cha kulimia.

Mnunuzi angeweza kulitazama ukingoni, asione mstari mweusi, na kuligonga alisikilize, maana chuma chenye ufa hutoa sauti nzito isiyodumu.

Mwaka 1881 Benardos, mtu wa Urusi, alianza kuunga chuma kwa moto wa umeme, na mwaka 1907 Kjellberg wa Uswidi akapata hataza ya kijiti cha chuma kilichovikwa dawa. Dawa hiyo huyeyuka ikakinga kiungo na hewa. Hapo mavi ya chuma yalirudi, safari hii kwa makusudi! Lakini fundi asipoyabandua kabla ya kuongeza tabaka la pili, hubaki ndani kama yale ya donge la kale.

Kwa maoni yangu, jicho hudanganywa zaidi sasa kuliko zamani. Mshono mzuri wa kupendeza waweza kuwa umelala tu juu ya chuma cha plau bila kuingia ndani. Sauti haimfichulii mtu kasoro hiyo kwa urahisi. Njia ya hakika ni kuunga vipande viwili vya chuma cha namna ileile, kuvikunja kwa nyundo hata vivunjike, na kutazama palipovunjika: vitundu, mavi, au uso laini usiopata kuyeyuka. Tena mara nyingine mshono wenyewe huwa mzima, na jembe la plau likakatika kando yake. Hiyo ni pua ngumu iliyopoa upesi mno. Ingalipashwa moto kwanza, kisha ikafukiwa majivuni ipoe polepole.