Mbunge wa Jarrow na Kiwanda cha Manowari

Wasafiri wa Ziwa Tanganyika wanaijua meli ya Liemba, na wakaao kando ya Ziwa Viktoria wanaijua Victoria. Ya kwanza iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Vipande vyake vikaletwa hadi Kigoma, ikashuliwa ziwani mwaka 1915. Ya pili iliundwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikaungwa upya Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunazitaja hapa kwa sababu ni nadra sisi kujiuliza habari za watu waliozigonga bati zile: walikaa wapi, walikula nini, na waliishije pale ambapo agizo la meli nyingine halikuja. Kuunda vyombo ni sehemu ya utamaduni wetu tangu enzi za mitepe na majahazi, na fundi wa Lamu au wa Nungwi ajua kwamba kazi ikikosekana haupungui mfuko peke yake. Hata jina la fundi hupungua. Kwa hiyo kisa cha mji wa Jarrow, kaskazini mashariki ya Uingereza, si kigeni kwetu kama kinavyoonekana.

Jarrow uko ukingoni mwa mto Tyne. Hapo kale ulisifika kwa mtawa Bede, mwandishi wa historia ya Waingereza, aliyefariki mwaka 735. Sifa hiyo ilifunikwa na moshi baada ya mwaka 1852, Charles Palmer alipoishua John Bowes, meli ya chuma ya kuchukulia makaa ya mawe kwenda London. Palmer alijenga matanuri yake mwenyewe na mitambo yake mwenyewe ya kusubu chuma. Mawe ya chuma yaliingia upande mmoja wa kiwanda, na meli kamili zikatoka upande wa pili. Vita vya Crimea vilimletea kazi ya kuunda Terror mwaka 1856, na mwaka 1861 akaishua manowari Defence. Mwaka 1874 Palmer aliingia Bungeni, na tangu 1885 hadi kufa kwake mwaka 1907 alikuwa mbunge wa Jarrow penyewe. Mwajiri wa mji ndiye aliyekuwa mwakilishi wake. Hapana haja ya kukisia sana maslahi yake yalielekea wapi kila Bunge lilipojadili fedha za manowari.

Manowari zilizotoka hapo zilikuwa nyingi, na mwisho wa baadhi yao ulikuwa mchungu. Queen Mary, iliyoshuliwa mwaka 1912, ililipuka katika mapigano ya Jutland mwaka 1916 ikazama na mabaharia zaidi ya 1,200. Baada ya vita hivyo mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa Washington mwaka 1922 ili kupunguza manowari. Amani ni jambo jema, wala hatuna nia ya kuibeza. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna aliyewaandalia mafundi wa manowari kazi nyingine. Ulipofika mdororo wa uchumi wa mwaka 1929, hata meli za biashara zikakosa wanunuzi. Manowari Duchess, iliyoshuliwa mwaka 1932, ilikuwa ya mwisho kutoka katika chelezo za Palmer.

Kilichofuata kinastahili kuelezwa kwa makini, kwani ndicho kiini cha habari hii. Mwaka 1930 wenye viwanda vya kuundia meli walikuwa wameunda kampuni iliyoitwa National Shipbuilders Security. Kampuni hii haikununua viwanda ili iunde meli. Ilivinunua ili ivifunge, wale waliosalia wapate kugawana maagizo machache yaliyokuwapo. Mwaka 1934 ikakinunua kiwanda cha Jarrow, kwa sharti kwamba mahali pale pasiundwe meli tena kwa muda wa miaka 40. Mitambo ikabomolewa. Mfanyakazi aliyeanza kama mwanagenzi kwa Palmer hakuwa na la kungoja tena, maana umri wa mtu hauna miaka 40 ya kuazima.

Mwaka 1935 watu wa Jarrow walimchagua Ellen Wilkinson wa chama cha Leba. Alizaliwa Manchester mwaka 1891 katika familia ya wafanyakazi, akasomea ualimu, kisha akawa mbunge wa Middlesbrough Mashariki tangu 1924 hadi 1931. Kimo chake kilikuwa kifupi na nywele zake nyekundu. Kwa ajili ya nywele hizo, na kwa siasa zake pia, aliitwa Ellen Mwekundu. Huyu hakuwa na hisa kiwandani. Tena chama chake kilikuwa kikipinga Bungeni makadirio ya fedha za majeshi, na kiliendelea hivyo hadi mwaka 1937. Hivyo mwakilishi wa mji uliolelewa na manowari hakuweza kusimama na kuomba manowari tu. Alidai kazi, na tumaini kubwa la mji lilikuwa mpango wa kujenga kiwanda kipya cha chuma cha pua mahali pa kile kilichobomolewa. Shirikisho la wenye viwanda vya chuma likaupinga mpango huo. Wajumbe wa mji walipomwendea Waziri wa Biashara, Walter Runciman, waliambiwa kwamba Jarrow lazima ujitafutie wokovu wake wenyewe.

Tarehe 5 Oktoba 1936 wanaume 200, waliochaguliwa baada ya kupimwa na daktari, walianza kutembea kwa miguu kwenda London. Mbele yao lilichukuliwa sanduku la mti wa mwaloni lenye maombi yaliyotiwa saini na watu zaidi ya 11,000. Wilkinson alitembea nao sehemu kubwa ya njia. Mjini Leicester mafundi viatu wa chama cha ushirika walikesha wakizitengeneza buti za wasafiri bila malipo. Si wote waliokuwa wema hivyo: katika mkutano mkuu wa Leba uliofanyika Edinburgh mwezi huohuo, mbunge huyu alilaumiwa na wenzake kwa kuwatembeza watu wenye njaa. Tunaona lawama hiyo ilielekezwa pasipo pake.

Waliingia London tarehe 31 Oktoba, mvua ikinyesha. Waziri Mkuu Baldwin alikuwa amekataa kuwaona. Tarehe 4 Novemba Wilkinson aliyawasilisha maombi katika Bunge la Makabwela, akaeleza kwamba mahali walipokuwa wakifanya kazi watu 8,000 sasa walikuwapo 100 tu, nao kwa kazi ya muda. Majadiliano yalikuwa mafupi. Wasafiri walirudi kwao kwa treni, wakakuta posho zao za wasio na kazi zimekatwa, kwa hoja kwamba walipokuwa njiani wasingeweza kuitikia kazi kama ingalitokea. Tumeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara tunastaajabu jinsi karani anavyoweza kuandika jambo la namna hiyo bila kutetemeka mkono.

Wilkinson aliandika kitabu juu ya mji huo mwaka 1939, akiuita mji uliouawa. Mwaka 1945 alifanywa Waziri wa Elimu, akafariki Februari 1947, miezi miwili kabla ya umri wa kumaliza shule kupandishwa hadi miaka 15, jambo alilolipigania.

Ama kazi za manowari, zilirudi upesi kuliko walivyodhani wengi, kwa kuwa Ujerumani ya Hitler ilikuwa ikijitayarisha kwa vita. Tarehe 1 Januari 1937, miezi miwili tu baada ya maombi yale kusomwa, mkuku wa manowari kubwa King George V uliwekwa katika chelezo za Vickers-Armstrongs huko Walker, katika mto uleule wa Tyne, juu kidogo ya Jarrow. Mwaka 1940 manowari hiyo iliteremka mto kwenda baharini, ikapita mbele ya ukingo uliokuwa wa Palmer, maana mto huo hauna njia nyingine ya kutokea.