Mazingira ya Wakili wa Serikali

Wakili wa Serikali aliyeanzia upande wa jinai hulizoea neno mazingira kabla hajauona mto wenye sumu. Hakuna aliyemwona mshtakiwa akiua. Kuna kisu, damu shatini, na majirani waliosikia kelele. Huo ni ushahidi wa mazingira. Magazeti nayo yana watu wao wanaofariki "katika mazingira ya kutatanisha". Akihamishiwa kesi za uchafuzi, neno linamfuata, sasa likibeba misitu, maji na hewa. Shina ni lilelile la kuzingira: kilichokuzunguka, upende usipende. (Polisi nao huzingira nyumba.)

Utata huo naupenda. Kesi ya mto mara nyingi husimama kwa ushahidi wa mazingira: samaki wanaelea chini ya bomba la kiwanda, na hakuna aliyeona kemikali ikimwagwa.

Mwaka 1988, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walipolishtaki Jiji kwa sababu ya dampo, hawakuwa na sheria kuu ya mazingira ya kuegemea. Walikuwa na moshi, harufu na inzi. Jiji lilipoomba muda zaidi wa kumwaga taka, Jaji Lugakingira alikataa, akashika ibara ya 14 ya Katiba: haki ya kuishi. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na kesi ya 1991 ikazifuata huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja 2004, ikaitamka haki ya mazingira safi, salama na yenye afya katika kifungu cha 4. Kwa mwanasheria aliyeajiriwa siku za Tabata, hapo nusu ya utumishi ilikwisha kwenda.

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo mkongwe huyu ana kazi mpya kabla hajastaafu: kuandika kanuni za sheria kwa Kiswahili, kama ile inayomtaka mchafuzi kulipia uchafuzi wake. "Mchafuzi hulipa" ina mwendo wa methali, lakini hiyo hu- hueleza mazoea, na yeye amefuatilia faini miaka mingi. Mazoea ya wachafuzi anayajua. "Mchafuzi alipe" haina mahadhi, ila ina amri. Mimi ningeandika hiyo. Wakili wa utetezi akikuta "hulipa" ndani ya kanuni, atasimama kuuliza kama pale pana wajibu au simulizi tu.