Nyuma ya Nyumba ya Machungwa

Wasee, leo tuongee kuhusu nyumba iliyojengewa miti. Yaani wapangaji wake ni michungwa na milimau. Inaitwa orenjari.

Huku kwetu mchungwa unamea nyuma ya choo na hakuna anayeshtuka. Ulaya baridi ilikuwa inaua mti mara moja. Kwa hivyo karne ya 17 na ya 18, tajiri akitaka kuringia wageni alijenga jumba la matofali, madirisha marefu yakiangalia kusini, ju huko jua la msimu wa baridi hupita chini chini upande huo. Upande wa kaskazini, ukuta mnene wa kuzuia upepo. Miti ilipandwa kwenye mapipa: baridi ikija inaingizwa ndani, joto likirudi inatolewa nje. Kumpa mgeni chungwa la kwako ilikuwa kuonyesha pesa iko.

Ile imenikalia kichwani haiko Ulaya. Iko Marekani, jimbo la Maryland, kwenye shamba linaloitwa Wye House, la ukoo wa Lloyd. Ilijengwa nusu ya pili ya karne ya 18 na bado imesimama. Ni mrembo, siwezi kudanganya. Katikati ghorofa mbili, mabawa mawili ya chini pande zote, lipu imechorwa mistari ifanane na mawe ya kuchonga. Juu ya miti kulikuwa na chumba cha kuchezea biliadi. Fikiria: wazee wanapiga mipira, chini yao ndimu zinaiva, nje theluji.

Sasa joto lilitoka wapi? Hapo ndipo nilianza kusoma vizuri. Chini ya sakafu na ndani ya kuta kuna njia za hewa moto, na hewa hiyo inatoka kwa tanuri la nyuma. Moto haujilishi. Usiku wa baridi kali mtu lazima aamke aongeze kuni, la sivyo asubuhi miti imekufa.

Na kumbe huko nyuma, upande wa kaskazini usio na jua, kulikuwa na chumba kimeshikana na jengo. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland wakiongozwa na Mark Leone walichimba hapo, wakaona kwamba watumwa waliishi ndani yake kuanzia miaka ya 1780 hadi karibu 1820. Ukuta ni mmoja. Mbele michungwa, nyuma watu.

Nilisomea usanifu wa majengo mwaka mmoja na nusu kabla niache chuo, na kila jengo tulianza na sura yake ya mbele. Siku hizi naishi SQ. Mlango wangu unaangalia tangi la maji na kamba ya nguo za mwenye nyumba. Silinganishi maisha yangu na utumwa, tafadhali msinianzie kwa komenti. Nasema tu macho yangu yamezoea kutafuta mlango wa nyuma.

Pale mlangoni pa chumba hicho, wachimbaji walikuta ncha za mishale za mawe na sarafu, zimezikwa kwa makusudi. Ndani ya matofali ya tanuri, mtu alikuwa ameweka mchi wa jiwe wa zamani sana, wa wenyeji wa Marekani. Leone anaona hapo mila za Afrika Magharibi, vitu vya kulinda wanaoingia na kutoka. Mimi namfikiria fundi. Anajenga jiko la kupasha joto miti ya bwana wake, halafu katikati ya kazi anaingiza kitu chake. Bwana alipita hapo miaka na miaka bila kujua.

Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mwandishi na msemaji mkubwa, aliletwa Wye akiwa mtoto wa miaka kama sita hivi, mwaka wa 1824. Kwenye kitabu chake cha 1845 anaeleza bustani hiyo: matunda ya kila aina, machungwa yakiwemo, na watu wanatoka hadi Baltimore kuja kuiona. Watoto na watu wazima wenye njaa walikuwa wanaiba. Dawa ya mwenye shamba? Alipaka lami ua wote. Ukipatikana na lami mwilini unachapwa viboko, hata kama hukula chochote. Na mwenye shamba huyo, Edward Lloyd, alishakuwa gavana wa jimbo.

Douglass alirudi kutembea hapo 1881, mzee mwenye heshima zake, na ukoo wa Lloyd ukampokea kama mgeni.

Nimetafuta picha za jengo hili wiki nzima. Zote nilizopata zimepigwa kutoka kusini, madirisha yanang'aa, nyasi zimekatwa. Kama uko na ya upande wa kaskazini, nitumie.