Kutoka Maabara hadi Mapaani

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wangari Maathai alifundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akiwa vijijini kukusanya kupe kwa utafiti wake, aliona jambo zito kuliko kupe: mito iliyojaa udongo, ng'ombe waliokonda mbavu nje, vilima visivyo na miti. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti iliyowalipa wanawake kidogo kwa kila mche ulioshika.

Leo chuo hicho kina taasisi yenye jina la Maathai huko Kabete.

Chuo kingine cha Nairobi nacho kilichukua hatua kwa mazingira: mtaani Madaraka, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mapaani paneli za sola za kilowati 600 mwaka 2014. Jua huwaka sana saa zilezile madarasa yanapojaa na kompyuta kuwashwa. Vyuo vingine vinangoja nini?