Deni la Kufunga Mgodi

Kabwe, Zambia, walichimba risasi na zinki kwa takriban miaka 90. Mgodi ulipofungwa mwaka 1994, kilichobaki ni milima ya mabaki. Upepo bado unapeperusha vumbi lake hadi uani mwa watu, na watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya hapo wanapimwa na kukutwa na risasi katika damu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, uhasibu haukuwa na macho ya kuona hasara ya namna hiyo. Faida iliandikwa kila mwaka. Gharama ya kusafisha ilisubiri siku ya kufunga, na siku hiyo mara nyingi hazina ilikuwa tupu. Huko Summitville, Colorado, kampuni ya dhahabu ilifilisika Desemba 1992 na kuiachia serikali ya Marekani maji yenye sayanaidi na metali. Usafishaji ulikula zaidi ya dola milioni 150, fedha za walipakodi.

Mageuzi ya uhasibu huo yalisukumwa zaidi na mitambo ya nyuklia kuliko migodi. Kampuni za umeme za Marekani ndizo zilizoomba mwongozo, na bodi ya viwango vya uhasibu ya nchi hiyo ikaanza kazi hiyo mwaka 1994. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 37, kilitoka 1998, kile cha Marekani 2001. Tangu hapo, kampuni inapoharibu ardhi na kuwa na wajibu wa kuirekebisha, deni linaingia kwenye mizania papo hapo, hata kama malipo yako mbali.

Kuandika deni si kuweka fedha kando. Ndiyo maana Tanzania, kupitia Sheria ya Madini ya 2010 na kanuni zake, inadai pia dhamana ya ukarabati wa mazingira. Nami naona dhamana hiyo ni muhimu kuliko ukurasa wowote wa taarifa za fedha.

Maana tarakimu zenyewe hunywea. Chukua mgodi utakaofungwa baada ya miaka 30 kwa dola milioni 100. Ukipunguza kwa asilimia 3 kwa mwaka kupata thamani ya leo, deni ni milioni 41. Kwa asilimia 7, ni milioni 13 tu. Na kanuni ya Marekani inataka asilimia hiyo ya kupunguzia ibebe hatari ya kampuni yenyewe kushindwa kulipa: kampuni inayoyumba hutozwa riba kubwa, basi deni lake kwa ardhi linaonekana dogo. Hili ni kosa kubwa. Wanakijiji wanaoishi kando ya bwawa la tope lenye sumu hawakuikopesha kampuni kwa hiari wala hawakupanga nayo riba.

IAS 37 haikutamka wazi kuhusu hatari hiyo ya kampuni kushindwa kulipa, kila kampuni ikafuata njia yake. Novemba 2024, bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu ilipendekeza iondolewe kwenye ukokotoaji. Pendekezo hilo likipita, kampuni zilizokuwa zikiijumlisha zitalazimika kuonyesha deni kubwa zaidi kwa mashimo yaleyale.